Zimwi Likujualo

Miongoni mwa methali tulizorithi imo moja ambayo watetezi wa serikali za mitaa wangeweza kuiandika juu ya milango ya ofisi zao: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waitumiao huitumia kama faraja. Mwenye nguvu aliye karibu nawe, akujuaye kwa jina na kwa ukoo, atakuonea haya. Atakutesa, lakini hatakumaliza. Na ndivyo tunavyohubiriwa tangu sheria za 1982 ziliporejesha halmashauri za wilaya katika Tanzania Bara, kwamba madaraka yakishuka kutoka makao makuu hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi kijijini, mwananchi huzidi kuwa huru kwa kila ngazi yanayoshuka. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo inazitaja serikali za mitaa kuwa chombo cha kuwapelekea wananchi madaraka.

Lakini tuirudie methali taratibu. Zimwi linakula. Wahenga hawakulikana hilo. Walilosema ni kwamba kitabaki kitu. Nami swali langu ni hili: je, ukaribu wa mamlaka ndio mpaka wa mamlaka? Nadhani hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba aghalabu tumepewa la kwanza tulipoomba la pili.

Mahali pa kulipimia swali hili nimepachagua Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi, nyuma ya pwani ya kusini. Msomaji wa visiwani ataniuliza kwa nini nivuke bahari ilhali karafuu ziko mlangoni. Ni kweli kwamba mkulima wa Pemba, ambaye kwa miongo mingi sheria imemwekea mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na ambaye akivusha gunia usiku kwenda Mombasa huitwa mfanya magendo kwa mali aliyoichuma kwa mikono yake, hana haja ya kusomeshwa na Nachingwea. Lakini kilicho karibu mno na jicho hakionekani, na karafuu kwetu imekwisha kuwa mazoea. Mkorosho tutautazama kwa macho mapya.

Wapo wanafalsafa wa Magharibi ambao hoja yao yote husimama juu ya msingi mmoja: kila mtu ndiye mmiliki wa nafsi yake, na kwa hiyo ndiye mmiliki wa kazi ya mikono yake. Dola, kwa rai yao, haiwezi kuwa na haki ambayo raia wenyewe hawakuwa nayo kabla ya kuiunda. Kazi yake ni kuwalinda watu na mabavu, wizi na hila. Ikipita hapo imekuwa mnyang'anyi aliyevaa sare. Mzee wao ni John Locke, wa karne ya 17. Maarufu wao wa zama za karibu ni Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1974. Mfasiri anayejaribu kuwasemesha Kiswahili hujikwaa mapema, pale penye msingi penyewe. Kujimiliki? Neno linakwaruza. Kwetu mtu humiliki shamba, humiliki jahazi, na (tusifichane) alimiliki watu. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa zilipita katika bara hiyohiyo ya kusini, na wengi waliofikishwa pwani kwa njia hizo walivushwa wakaja kulima mikarafuu yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sayyid Barghash. Utumwa ukaondolewa nguvu ya sheria hapa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo Mmarekani anaposema kwamba mtu ni mali yake mwenyewe, huenda anatoa hoja ya darasani. Sisi tukilisema neno hilo mbele ya watu wa Ruangwa tunasema jambo zito zaidi, kwa kuwa babu zao wengine walikuwa mali ya wengine, na baadhi ya hao wengine walikuwa wazee wetu.

Uhuru wenyewe, kabla haujawa na bendera, ulikuwa hali ya mtu mmoja: huyu ni huru, yule ni mtumwa. Mnamo 1961 na baada yake neno hilo lilihama kutoka kwa mtu likaenda kukaa kwa taifa. Silalamikii kuhama kwake. Taifa nalo lilikuwa limetawaliwa. Nasema tu kwamba nyumba liliyohama ilibaki tupu kwa muda mrefu.

Tuingie sasa Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga (ambazo sisi huku twaziita njugu) katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Kabla njugu hazijapata kuijaza reli hiyo mradi ulikwisha kuvunjika. Januari 1951 ulitangazwa kuachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka miwili kabla ya mradi kuanza, Friedrich Hayek alikuwa ameandika makala akieleza kwamba maarifa ya mahali na wakati, yaani mvua ya bonde hili na udongo wa kilima kile, yametawanyika vichwani mwa watu wengi na hayawezi kukusanywa katika meza moja ya mpangaji. Lau angetafuta mfano asingepata bora kuliko huu. Mmwera aliyekuwa akilima mtama na mihogo upande wa pili wa kichaka aliijua ardhi ile, wala hakuulizwa.

Hadithi ya njugu inapendwa sana na wapinzani wa dola kubwa, kwa sababu ni nyepesi: mgeni, fedha nyingi, ujinga mwingi. Iliyofuata ni ngumu zaidi, maana aliyeamuru hakuwa mgeni.

Kwanza niueleze mti. Katika mila za pwani yetu, na bara ya kusini ilivyozipokea, mti una mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Waweza kuwa na minazi mitano katika kiwanja cha mwingine. Waweza kuiweka rehani, kuirithisha, kuigawa. Sheria ya nchi inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, lakini hata sheria hiyo, inapomwondoa mtu shambani, humhesabia miti yake katika fidia. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na ardhi yao ilikuwa ya ukoo, mkorosho ulikuwa na jambo jipya ndani yake: aliyeupanda, akaupalilia, akaungoja miaka mitatu au minne hadi uzae, alikuwa na kitu ambacho ni chake. Locke alisema kwamba mtu akiichanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe hukifanya kitu hicho kuwa chake, na wanachuoni wamebishana karne tatu juu ya kauli hiyo. Bibi mwenye mikorosho ishirini hakuhitaji mabishano hayo.

Sasa, miaka ya 1967 na 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa viundwe kwa hiari, na kwamba hakuna awezaye kumwendeleza mtu mwingine. Magharibi ya nchi ninayoizungumzia, huko Songea, wakulima walikuwa wamekwisha kulitenda hilo. Kijiji cha Litowa na wenzake, chini ya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, walilima pamoja, wakawa na shule yao, wakaamua mambo yao bila kusukumwa na mtu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Miaka mitano baadaye Nozick, mtetezi wa mali binafsi, aliandika kwamba katika nchi huru watu wana haki ya kuunda jamii ya namna yoyote waitakayo, hata ya kijamaa, mradi kila mmoja ameingia kwa ridhaa na aweza kutoka. Chini ya dola ya Nozick, Litowa ingalisimama. Ilianguka chini ya dola ya ujamaa.

Mwaka 1972 ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri. Maofisa wakubwa walihamishwa kutoka Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani wawe karibu na wananchi, na halmashauri zilizochaguliwa na wananchi hao zikafutwa. Mamlaka yalisogea karibu kuliko wakati wowote tangu uhuru, na siku hiyohiyo yakapoteza mpaka. Novemba 1973 ikatoka amri: kuishi vijijini si hiari tena, na kazi iwe imekwisha kabla mwaka 1976 haujamalizika. Waliotekeleza hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa katibu kata, mgambo, mwalimu wa shule, mtu wa kilabu kimoja na msikiti mmoja na wewe. Kusini, vijiji vingine vilikwisha kuanzishwa mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Vingine vilifuata kwa amri hiyo. Watu walihamishwa, miti ikabaki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 haikufika tani 20,000. Bei mbaya ilichangia, na ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, lakini mti usiofikika haupaliliwi, na mwenyewe alikuwa amewekwa kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara, mwendo wa saa nyingi kutoka kwenye kivuli chake.

Nachingwea ya miaka hiyohiyo ilikuwa pia kambi kuu ya Frelimo. Hapo Samora Machel aliwafunza vijana walioikomboa Msumbiji, na sifa hiyo haifutiki. Lakini ni hapohapo, Mei 1975, wiki chache kabla ya bendera ya Msumbiji kupandishwa, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho, alipolazimishwa kusoma mbele ya wapiganaji maungamo marefu ya usaliti wake. Hakupelekwa mbele ya mahakama yoyote, na baadaye aliuawa. Taifa lilikuwa linapata uhuru, na katika uwanja uleule mtu mmoja alikuwa hana hata haki ya kunyamaza. Sioni kwamba wanahistoria wetu wa ukombozi wamelikalia jambo hili vya kutosha.

Mtu aweza kusema: hayo ni ya chama kimoja, na sasa zipo halmashauri za kuchaguliwa. Basi tuzitazame. Zilipoanza kazi tena mwaka 1984 zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo watu walizidi kuiita kwa jina lake la kikoloni, kodi ya kichwa. Kichwa cha tajiri na cha fukara kililipa. Mgambo walivizia njiani na kubisha milango alfajiri, na wanaume wazima walilala maporini ndani ya wilaya zao wenyewe. Mwaka 2003 kodi hiyo ilifutwa. Na nani aliyeifuta? Serikali Kuu, ya mbali. Halmashauri zililalamika kwamba zimenyang'anywa mapato. Mwaka 2017 jambo likajirudia: ushuru wa mazao, ambao halmashauri zilikuwa zikitoza hadi asilimia 5, uliteremshwa na Bunge hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hapa ndipo hoja ya ukaribu inapochanika. Mara mbili mkono wa mbali ndio uliouzuia mkono wa karibu. Wala sisemi kwamba wa mbali ni mwema. Mwaka 2018 Bunge hilohilo liliondoa utaratibu uliokuwa ukirudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho zisafirishwazo nje kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe, na wabunge wa kusini walipiga kelele bure. Nasema kwamba haki ya mkulima haikupatikana kwa kupima umbali wa anayemtoza. Ilipatikana pale mtoza ushuru alipoambiwa na mwenye uwezo wa kumwambia: mwisho wako ni hapa.

Nisije nikaonekana nimewanunua wanafalsafa hao kwa jumla. Ubwiri unga hauulizi mpaka. Jirani yangu asiponyunyizia salfa mikorosho yake, ukungu ule utapeperuka hadi kwenye maua yangu, na uhuru wake wa kukaa kitako utakuwa umekula mavuno yangu. Akichoma pori mwezi wa Septemba, moto hautasoma hati. Sheria ndogo ya kijiji inayokataza moto wa ovyo, au inayomtaka kila mtu atunze miti yake isiwe kitalu cha maradhi, siioni kuwa uonevu hata kidogo. Inalinda mti wa mmoja dhidi ya uzembe wa mwingine, na hiyo ndiyo kazi ambayo hata Locke angeiachia serikali. Lakini tazama tofauti. Sheria ya moto inamwambia mtu asimdhuru jirani. Sheria ya eka za lazima, ambayo wakoloni waliipenda na waliowarithi wakaipenda, inamwambia alime nini, kiasi gani, kwa faida yake mwenyewe. Mwaka 1905, karibu na hapo, vita vya Maji Maji viliwaka kwa sababu ya pamba iliyolimwa kwa amri, na walioisimamia amri ile pale shambani walikuwa akida na jumbe, watu wanaojulikana.

Liko gumu zaidi, nalo ni kangomba. Jina hilo, kama wengi wajuavyo, ni la biashara ya korosho nje ya mfumo rasmi. Mnunuzi hufika nyumbani, mara nyingi kabla ya msimu, wakati ghala la chakula limekwisha na mtoto ana homa, hutoa fedha taslimu, na Oktoba huja kuchukua korosho kwa bei iliyo sehemu ndogo ya bei ya mnada. Mfuasi wa Nozick atasema: watu wazima wawili wamekubaliana, dola inaingia wapi? Mimi siwezi kulisema hilo kwa moyo mweupe. Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa iliyokonda. Hata hivyo, waliopiga kangomba marufuku hawakumletea mama huyo alichokuwa akikitafuta mwezi wa Agosti. Walimwondolea mlango mbaya bila kumfungulia mwingine, kisha wakaiita hali hiyo ulinzi.

Mlango rasmi ni stakabadhi ghalani, mfumo uliopata sheria yake mwaka 2005 na kuingia katika korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, chama hupeleka ghalani, na chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, husimamia mnada. Faida zake zipo na sizikatai: wanunuzi hushindana, na bei hutangazwa mbele za watu. Lakini Aprili 2013, huko Liwale, malipo ya pili yalipokuja pungufu ya yaliyotarajiwa, nyumba zilichomwa moto. Na Novemba 2018, baada ya wakulima wa kusini kuzikataa bei za mnadani, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri na watu walishangilia. Kisha ukaja uhakiki: mtu mwenye korosho nyingi athibitishe kwamba ana shamba, kwamba miti ni yake, kwamba hakununua kwa jirani. Wengine walingoja fedha zao miezi mingi. Mali iliyohitaji kuthibitishwa mbele ya askari ndipo ilipwe ilikuwa, kwa muda ule, imebadilika jina.

Hilo la jeshi ni kubwa, na linajieleza lenyewe. Linalonikosesha usingizi ni dogo kuliko hilo, na lilitokea kabla yake, na hutokea katika misimu mingine bila askari hata mmoja. Sanduku la zabuni limefunguliwa, bei zimesomwa, na wakulima wameulizwa: mnauza au hamuuzi? Mikono inanyooshwa. Walio wengi wamekataa, na wana haki ya kukataa. Bei ni ya dharau, na wakingoja wiki mbili huenda ikapanda. Katikati yao amekaa mwanamke mwenye gunia moja. Yeye angeuza leo. Ada ya shule haingoji mnada wa pili, au amechoka tu kungoja, na sababu yake haimhusu mtu. Gunia lake limo katika lundo, limepimwa, limepangwa daraja, lina namba ya ghala. Hapana jeshi hapo, hapana mkoloni, wala ofisa kutoka Dodoma. Wote wanaomzunguka wanamjua. Pengine mwenye kunyoosha mkono mbele yake ni kaka yake. Kura ni ya haki na imehesabiwa sawasawa. Na mali yake imekataliwa kuuzwa na watu wasioipanda.

Wasimamizi wa ushirika watajibu kwamba lundo ndilo linaloleta bei, na kila mmoja akichomoa gunia lake hakuna lundo. Jibu hilo lina uzito. Lakini ushirika ni mkataba wa watu walioingia kwa hiari, au si ushirika. Na hiari isiyo na mlango wa kutokea ni kijiji cha 1974 chenye mizani. Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanza na Katiba wala na mipaka ya wilaya. Ningeanza na kifungu kimoja katika masharti ya chama cha msingi, kinachompa mwenye gunia moja siku moja ya kulitoa ghalani, akalipa gharama za kulitunza, akalipeleka apendako.